Ndege wahamaji wadogo kwenye bustani yako: mwongozo kamili wa kuwaona, Oktoba hadi Aprili

Kila mwaka vuli ikishika naulizwa swali lile lile: "Nimekwenda msitu wa Karura mara tatu, nimetembea asubuhi nzima, nimeambulia shore na kunguru. Hao ndege wanaotoka Ulaya na Asia wako wapi?"

Wako pale pale, mara nyingi mita tano juu ya kichwa cha anayeuliza. Anawakosa kwa sababu anatafuta rangi kali, ilhali wengi wao wana rangi ya vumbi au ya jani lililonyauka. Anawakosa pia kwa sababu anatembea. Ila kosa kubwa zaidi ni kwamba hajawajua wenyeji. Mtaani kwenu mgeni akipita unamtambua kwa kuwa sura za majirani umezizoea, na kwa ndege ni hivyo hivyo. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo.

Nimeuandika kwa Nairobi na nyanda za juu za Kenya, ambako ndiko ninakoangalia mwenyewe. Aliyeko Arusha, Moshi, Lushoto au pwani anaweza kuufuata, tarehe zitasogea kidogo tu.

## Vitu vya kuwa navyo

Darubini ya macho mawili, 8x42 au 8x32. Namba ya kwanza ni kiasi cha kukuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Utauziwa za 20x50 kwa maelezo kwamba "zinavuta mbali zaidi". Ziache. Mkono ukitetemeka kidogo picha nzima inacheza, na eneo unaloliona ni finyu kiasi kwamba ndege anayerukaruka kwenye majani hutampata kamwe.

Daftari dogo na penseli. Penseli kwa sababu wino husambaa ukinyeshewa, na msimu huu utanyeshewa.

Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye michoro, au programu ya simu kama Merlin. Kitabu ni bora kwa anayeanza, maana ukurasa mmoja unakuwekea ndege wanaofanana pamoja.

Kigoda au kipande cha mkeka. Usikidharau. Baada ya darubini, hiki ndicho kitakachokuonyesha ndege wengi zaidi.

Nguo za rangi tulivu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Usivae nguo za mabaka kama za jeshi: Kenya na Uganda raia haruhusiwi, na darubini shingoni itazidisha maswali.

Neno moja kuhusu majina. Mbayuwayu kila mtu anamjua. Hawa wengine wadogo hawana jina la Kiswahili ambalo Lamu, Tanga na Nairobi wote wanalikubali, kwa hiyo nitatoa jina la kisayansi mara moja ili umpate kitabuni, kisha nitatumia jina la maelezo ninalotumia nyumbani.

## Hatua ya 1: Chagua mti mmoja

Mti mmoja, na eneo la hatua thelathini kuuzunguka, unatosha. Tafuta wenye majani madogo na wadudu wengi. Mgunga hauna mpinzani. Mkuyu unaozaa na mforosadi ni mizuri kwa wala matunda. Kama kuna maji karibu na kichaka upande mmoja, umepata mahali.

Sababu ya mti mmoja ni hii: wahamaji wengi wanaokaa msimu mzima huzunguka eneo dogo wanalolifahamu. Ukiwafuata msitu mzima unawapita. Ukikaa, wao ndio wanaopita mbele yako.

Kama huna bustani, nenda Karura, City Park au Arboretum. Tahadhari ya Arboretum: iko jirani na Ikulu. Usielekeze darubini wala kamera upande huo, na popote penye kambi ya jeshi, gereza au uwanja wa ndege fanya vivyo hivyo. Ukiulizwa na askari, mwonyeshe daftari na kitabu.

## Hatua ya 2: Wajue wenyeji kabla wageni hawajafika

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila anayelalamika ameiruka. Ifanye Agosti na Septemba mwanzoni, wakati wahamaji wengi hawajafika. Kaa chini ya mti wako nusu saa, mara mbili kwa wiki, andika kila unayemwona. Usihangaike na jina kamili. Andika umbo, mdomo, mkia, na anachofanya.

Kwa bustani ya Nairobi, hawa sita wanatosha kuanzia:

- Shore (*Pycnonotus barbatus*): kichwa cheusi, tumbo jeupe, manjano chini ya mkia. Kelele nyingi.
- Chozi wa aina mbalimbali: mdomo mrefu uliopinda. Jike lake ni la kijivu na kijani, na ndilo linalowachanganya wengi.
- Macho-pete (*Zosterops*): wadogo, manjano na kijani, pete nyeupe kuzunguka jicho. Hutembea kwa makundi, wakiitana bila kunyamaza.
- Mdaka-nzi wa pete nyeupe (*Melaenornis fischeri*): kijivu, pete pana nyeupe machoni, hupenda kukaa wazi jioni.
- Mdaka-nzi mdogo mweusi-mweusi (*Muscicapa adusta*): mfupi, mnene kama kinyunya, kahawia iliyoiva.
- Mbwigu mweusi na mweupe (*Lanius humeralis*): mkia mrefu, hukaa juu ya waya au ncha ya tawi.

Utajua hatua hii imekaa siku utakayomtaja macho-pete kwa sauti kabla hujamwona. Ukifika hapo, usisubiri zaidi. Uko tayari kwa Oktoba.

Kama msimu umeshaanza na hukupata nafasi hiyo, bado anza hapa. Wiki mbili za wenyeji zitakupa zaidi ya miezi miwili ya kukimbizana na wageni.

## Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Ndege hawa wadogo husafiri usiku. Kukikucha wanashuka popote penye majani, wana njaa, wanakula bila kupumzika. Ndiyo maana muda ni kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi. Saa nne jua limepanda, wadudu wametawanyika, na ndege wamejificha kivulini. Nafasi ya pili ni saa 10:30 jioni hadi jua kuzama. Aliyefika Karura saa tano asubuhi na kurudi mikono mitupu hakuwa na bahati mbaya, alichelewa.

Siku bora ni asubuhi inayofuata mvua ya usiku au ukungu. Mawingu yakiziba anga, waliokuwa angani hulazimika kutua. Mfano mkubwa wa jambo hili ni Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako ndege wamekuwa wakivalishwa pete za utambulisho tangu 1969. Usiku wa giza usio na mwezi, Novemba na Desemba, ukungu ukifunika kilima, taa za hoteli huwavuta ndege kwa maelfu. Bustani yako si Ngulia, lakini sheria ni ile ile: mvua ya usiku, kengele ya simu iwe saa kumi na moja na nusu.

Kuhusu miezi, iangalie hivi:

- Septemba mwishoni na Oktoba: wa kwanza wanafika, wachache wachache.
- Novemba na Desemba: wimbi kubwa. Wengi walikuwa wamesimama Ethiopia na Sudan kwa wiki kadhaa, sasa wanashuka kusini na mvua za vuli. Upepo wa kaskazi unaanza kipindi hiki, na wazee wa pwani wana haki ya kuwahesabu ndege hawa pamoja na majahazi yaliyokuwa yakiletwa na upepo huo.
- Januari na Februari: utulivu. Waliobaki wamekaa, unaweza kumjua mmoja mmoja.
- Machi na Aprili: kurudi. Manyoya mapya, na hatimaye nyimbo.

## Hatua ya 4: Kaa, tena kaa kweli

Weka kigoda jua likiwa mgongoni kwako. Ukilitazama jua kila ndege ni kivuli cheusi. Usikae chini kabisa ya shina, rudi nyuma hatua kumi hadi kumi na tano, la sivyo shingo itauma na utaona matumbo tu.

Kabla ya kukaa, piga jicho ardhini. Siafu hupenda sana msimu wa mvua, na ukiwagundua wameshafika magotini asubuhi yako imekwisha.

Dakika kumi za kwanza usitumie darubini. Tazama mti mzima kwa macho matupu, ukisubiri kitu kitikisike. Ukikiona, usiondoe macho pale, inua darubini ije machoni. Wanaoanza huinua darubini kwanza kisha wanamtafuta ndege ndani yake, wakimpata ameshahama. Fanya mazoezi na kunguru na njiwa hadi mkono uzoee.

Mara ya kwanza dakika ishirini zitakuwa ndefu. Karibu na dakika ya kumi na tano ndege wanaacha kukuogopa, na mti unaanza kuwa na watu. Wengi huinuka dakika ya kumi na mbili.

## Hatua ya 5: Uliza maswali kwa mpangilio huu

Ukimpata ndege usiyemfahamu, usifungue kitabu. Muda unaotumia kupekua kurasa ndio muda alioondoka. Jiulize haya manne, kwa mpangilio, ukiandika bila kutazama chini:

1. Anafanya nini? Anapekua majani, anakaa wima kisha anaruka na kurudi, anatembea chini, au anakula matunda?
2. Mdomo ukoje? Mwembamba na mnyoofu, uliopinda, au mnene?
3. Uso una nini? Mstari juu ya jicho, pete, barakoa, au hakuna kitu?
4. Rangi, mwisho kabisa.

Rangi nimeiweka mwisho kwa makusudi. Chini ya kivuli cha majani kijivu huonekana kijani, na kahawia huonekana kijivu. Tabia haidanganyi hivyo.

## Hatua ya 6: Anza na wageni wanne

Kitabu kina wahamaji wengi. Achana nao kwa msimu wa kwanza, tafuta hawa tu.

### Mpekua-majani (*Phylloscopus trochilus*)

Ukimpata huyu, umefungua mlango. Ni wa kawaida sana, na ndiye anayekosewa zaidi. Uzito wake ni kama gramu 10, vijiko viwili vya chai vya sukari, na baadhi wanaofika kwetu wametokea mashariki ya mbali ya Siberia.

Mgongo ni kijani iliyochanganyika na kahawia, tumbo jeupe lenye manjano hafifu, mstari wa manjano-mpauko juu ya jicho, miguu kwa kawaida ya rangi nyepesi. Hapumziki: anapekua jani moja baada ya jingine, anapigapiga mabawa kidogo, anahama.

Hapa ndipo Hatua ya 2 inapolipa. Je, ana pete nyeupe jichoni na wenzake ishirini? Basi ni macho-pete. Mdomo umepinda? Jike la chozi. Mkia umeinuliwa juu, yuko chini kichakani? Mwenyeji mwingine. Kama yuko peke yake, au amejiunga na kundi la wenyeji mchanganyiko, mdomo mnyoofu mwembamba na mstari jichoni, umempata.

Mimi ilinichukua msimu mzima kumtenga na jike la chozi. Niliandika "chozi?" mara kumi na moja katika daftari la mwaka wa kwanza, na nikisoma maelezo sasa naona karibu wote walikuwa yeye.

### Mdaka-nzi wa kijivu (*Muscicapa striata*)

Rahisi kuliko wote, kwa kuwa anakaa wazi. Tafuta tawi kavu lililochomoza, waya, au nguzo ya ua. Anakaa wima kama askari wa zamu, anachomoka, anadaka mdudu hewani, kisha anarudi, mara nyingi pale pale alipotoka.

Ni kijivu-kahawia, ana vistari vyembamba kwenye paji la uso na kifuani. Mwenzake mwenyeji, yule mfupi mnene, hana vistari vya kifua vilivyo wazi hivyo na mabawa yake ni mafupi. Yule mwenyeji mwenye pete pana nyeupe machoni unamwondoa mara moja. Mgeni huyu ana mwili mrefu na mabawa marefu, kwa kuwa amesafiri bara zima.

### Kofia-nyeusi (*Sylvia atricapilla*)

Dume ni kijivu mwenye kofia nyeusi inayoishia juu ya jicho. Jike kofia yake ni ya rangi ya kutu. Hupenda nyanda za juu na miti yenye matunda madogo. Msubiri kwenye mkuyu au mforosadi kuanzia Novemba.

Kosa la kawaida ni kumwita shore kuwa kofia-nyeusi. Shore ni mkubwa, kichwa chote ni cheusi, na ana manjano chini ya mkia. Kofia-nyeusi ni mdogo, mpole, anajificha ndani ya majani, na husikika kabla ya kuonekana: "tak, tak", kama mtu anayegonga vijiwe viwili.

### Mbwigu mgongo-mwekundu (*Lanius collurio*)

Huyu mtafute ukingoni mwa vichaka na kwenye nyasi zenye miti michache, Novemba hadi Desemba na tena Aprili. Kati ya miezi hiyo wengi wako kusini mwa Afrika. Dume ana kichwa cha kijivu, barakoa nyeusi machoni, mgongo wa kahawia-nyekundu. Ukishamzoea mbwigu wa nyumbani, huyu hutamkosea.

Kwenye nyasi fupi tazama pia *Motacilla flava*, mwenye tumbo la manjano na mkia usiotulia, hasa panapolishwa ng'ombe. Kwenye uwanja mtupu anaweza kutua *Oenanthe oenanthe*, mwenye kiuno cheupe kinachoangaza akiruka. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya vifaa vidogo vilivyofungwa kwa ndege wa aina hii huko Alaska: walikuja hadi Afrika Mashariki, safari ya kilomita 14,500 hivi kwa upande mmoja, mwili ukiwa na gramu 25. Kila nikimwona mmoja uwanjani nasimama hadi aondoke mwenyewe.

## Hatua ya 7: Fungua masikio

Wahamaji wengi hawaimbi sana Novemba. Hutoa milio mifupi ya kuitana, na milio hiyo ndiyo ya kujifunza. Mpekua-majani husema "hu-iit" laini inayopanda mwishoni. Mdaka-nzi wa kijivu ana "zii" nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kofia-nyeusi ni ile "tak" yake.

Februari hadi Aprili mambo hubadilika. Mpekua-majani huanza kuimba, wimbo mtamu unaoshuka kama maji yanayoteremka ngazi na kufifia. Ukiusikia mgungani mwako, hakuna mwenyeji wa kumchanganya naye.

Programu za simu zinazotambua sauti zinasaidia, ila zichukulie kama dokezo. Usiandike ndege kwa neno la simu peke yake. Mtafute kwa macho.

Na tafadhali, usipige rekodi ya wimbo ili kumvuta ndege. Anakuja akidhani ana mpinzani, anaacha kula, na huyu ni kiumbe anayehesabu kila gramu ya mafuta kabla ya kuvuka jangwa. Picha yako haina thamani hiyo.

## Hatua ya 8: Fanya bustani iwakubali

Weka sinia pana la maji, kina kisizidi vidole viwili, na jiwe katikati la kukanyaga. Liwe mita mbili au tatu kutoka kichakani: karibu kiasi cha kukimbilia, mbali kiasi kwamba paka hawezi kurukia. Badilisha maji kila siku mbili, maana yakikaa zaidi unafuga mbu.

Acha kunyunyiza dawa za wadudu Oktoba hadi Aprili. Wadudu ndio chakula wanachokuja kutafuta. Ua la miti nalo lisikatwe kipindi hiki, au likate upande mmoja tu. Kama una nafasi ya kupanda, panda mgunga au mforosadi. Mvuti (*Lantana camara*) unaozaa matunda meusi usiupande, husambaa na kuua malisho.

Ukiona kofia-nyeusi akioga kwenye sinia lako asubuhi ya Desemba, bustani imekubaliwa.

## Hatua ya 9: Andika, kila siku, hata siku tupu

Tarehe, saa, hali ya hewa, mti, uliyemwona, idadi. Siku ambayo hukuona mgeni hata mmoja iandike pia, kwa kuwa bila hiyo hutajua walifika lini. Kisha peleka orodha kwenye eBird au Kenya Bird Map, ambako kumbukumbu za ndege hukusanywa mtandaoni. Kumbukumbu za bustani ni adimu, watu huenda mbugani, na hivyo bustani yako ina nafasi kwenye ramani.

Ukikwama kwa ndege mmoja, Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, wana matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Saa moja pembeni ya mtu anayejua itakupunguzia miezi.

Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, nakili kila herufi na namba, piga picha, andika mahali na tarehe, kisha wapelekee kitengo cha ndege pale Makumbusho.

## Hatua ya 10: Mtafute wa mwisho

Wa kwanza kila mtu humwona. Tarehe ya wa mwisho ni ngumu zaidi, maana hujui ni wa mwisho hadi siku kadhaa zipite. Kuanzia Aprili 10 kaa chini ya mti kila siku, hata dakika kumi kabla ya kazi. Masika yatakunyeshea. Endelea hadi zipite siku saba mfululizo bila mgeni, kisha rudi nyuma kwenye daftari, uizungushie duara siku ya mwisho aliyoonekana.

Kwangu mwaka jana duara liko Aprili 21. Mpekua-majani mmoja, mvua nyepesi, aliimba mara mbili kabla ya saa mbili asubuhi.